Mapipa Matatu Yaliyojaa

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na ishirini na moja. La, nimekosea, tusianze na uongo. Ishirini na moja ndio mwaka aliofariki Mzee Awadh, maana watu walimzika wamevaa barakoa. Haya ya Sanga Thoya ni ya mwaka uliofuata, mvua ilipokataa msimu wa nne mfululizo, na ng'ombe wa upande wa Ganze wakawa wakilala hawaamki.

Sanga alikuwa mtunza bustani. Miaka ishirini na minane alifanya kazi katika nyumba moja tu, nyumba ya Mzee Awadh pale Malindi, iliyoelekea bahari. Asmini zote za ua ule alizipanda yeye. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye vidole vilivyopinda kwa kushika mkasi, na alikuwa na tabia ya kuiomba radhi miti kabla hajaikata matawi. Watoto wa mjini walimcheka kwa hilo. Alikodi chumba Muyeye, na kila mwisho wa mwezi alikwenda kwao, kijiji kinachoitwa Kwa Mangi, ndani kabisa huko Ganze, alikomwacha mkewe Hannah na shamba la mahindi yasiyoota.

Katika miaka yote hiyo, Sanga hakuwahi kumwomba tajiri wake kitu. Ruhusa ya kwenda kuzika aliomba, lakini hiyo si kitu, hiyo ni haki ya maiti. Sasa alikuwa na haja, na haja yenyewe ilikuwa goti la Hannah. Bwawa walilotekea maji lilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu kwenda, na kurudi zaidi, kwa sababu ya mzigo. Hannah alikuwa na miaka hamsini na tisa. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba kama boga changa. Mwezi ule alimwambia mumewe, bila kulia, "Baba Kahindi, mimi naweza msimu mmoja zaidi. Baada ya hapo, badala ya maji utaniteka mimi."

Basi. Mzee Awadh, kabla hajafa, aliusia thuluthi ya mali yake iwe sadaka jaria, ile ambayo thawabu zake humfuata mtu kaburini. Wasia ulikuwa mfupi: wapeni maji wenye haja kuliko wote. Wanawe walikuwa wawili, Sahla na mdogo wake Mahir. Sahla alikuwa amesoma ng'ambo, na alisema sadaka ya kugawa mkono kwa mkono mlangoni ni aibu ya karne iliyopita. Akamleta mtu kutoka Nairobi, jina lake Eugene, ambaye kazi yake ni kuwapangia matajiri sadaka zao. Naam, ipo kazi hiyo. Ina suti yake, na ina kompyuta bapa ya kubebwa kwapani.

Siku ya kikao Sanga alikuwa akipunguza asmini chini ya baraza. Alisikia kila neno.

"Kutoa bila mpango ni kumwaga maji mchangani," Eugene alisema. "Tutachagua vijiji vitatu. Tutavitembelea, tutajaza fomu, kila jibu lina alama zake. Kijiji chenye shida zaidi ndicho kitashinda."

"Kama mashindano ya urembo," Mahir akasema, "ila sisi twamtafuta aliye mbaya."

Wakacheka. Sahla naye akacheka, ingawa alijiziba mdomo.

Hapo Sanga akaweka mkasi chini. Alivua kofia, akapanda ngazi mbili, ya tatu akaiacha. "Bi Sahla, samahani. Mimi kwetu hakuna maji."

Sahla alipokuwa mdogo alikuwa akimwamkia Sanga shikamoo kila asubuhi, hata kabla hajaoshwa uso. Aliporudi kutoka ng'ambo salamu hiyo ilikuwa imebaki huko huko. Lakini siku ile alimtazama kwa wema. "Kwenu ni wapi hasa, Mzee Sanga?"

Akamwelekeza. Sahla akamgeukia Eugene. "Kiweke kiwe kimoja katika vitatu. Lakini Mzee Sanga, hakuna kupendeleana hapa. Fomu ndiyo itakayosema."

"Fomu na iseme, mwanangu," Sanga akajibu. Akashuka kwenda kumaliza asmini, akakata hata tawi lenye maua. Hakukumbuka kuliomba radhi.

Aliambiwa wangekuja Jumamosi. Alhamisi akaomba ruhusa, akaenda kwao kuwapa habari. Alipofika, kijiji kizima kilikusanyika nyumbani kwa Mangi, mwenyekiti, ambaye babu yake ndiye aliyekipa kijiji jina.

"Wageni wa Sanga ni wageni wetu sote," Mangi alisema. "Watoto wa Mzee Awadh hawawezi kuja hapa wakakalia magogo."

Kanisani wakaazima viti kumi na viwili vya plastiki. Kwa mwalimu wakaazima vikombe vya udongo vyenye maua, na jamvi jipya. Mangi akamtoa beberu wake, aliyebaki peke yake baada ya wengine kufa kwa ukame. Kwa kuwa wageni walikuwa Waislamu, Ijumaa hiyo mtu akatumwa sokoni kumleta Mwislamu aje awachinjie kesho yake, ili wageni wapate kula bila shaka moyoni. Hayo yote waliyafikiria.

Palikuwa na mmoja tu aliyepinga. Phoebe, binti wa jirani, aliwahi kufanya kazi Mtwapa miaka mitano, kwenye baa na kwenye nyumba za watu, na alirudi na mdomo usio na kufuli.

"Nyinyi wazee mna wazimu," alisema. "Watu wanakuja kuangalia shida, nyinyi mnawaonyesha harusi! Vikombe virudisheni kwa mwalimu. Beberu afungwe msituni. Mama Hannah akae chini, aonyeshe goti."

"Nivue na nguo kabisa?" Hannah akauliza, na wanawake wakaangua kicheko.

"Ukiambiwa uvue, vua. Maji matamu kuliko nguo."

Mangi akamkemea. "Phoebe, hayo ni ya Mtwapa. Hapa mgeni hakaribishwi na vidonda."

Kisha akamgeukia Sanga, maana wageni walikuwa wake. "Wewe wawajua. Wewe sema."

 Sanga alimfikiria Mzee Awadh, ambaye kila siku ya Idi alikula naye sahani moja kibarazani. Mtoto wa mtu yule aje kwake akute vumbi? Akasema, "Tuwapokee kama watu."

Ijumaa wanawake saba walikwenda bwawani alfajiri, wakarudi adhuhuri, wakaenda tena. Hannah alikwenda safari zote mbili. Ya pili alirudi baada ya wenzake, anaburuta mguu, mtungi kichwani. Maji waliyatia katika mapipa matatu nje ya nyumba ya Sanga, wakayafunika kwa sinia safi, wageni wasije wakakosa ya kunawa, ya kunywa na ya kutawadhia ikiwa sala itawakuta. Yalikuwa maji ya kijiji kizima. Usiku ule watoto walilala hawajaoga, na nyumba mbili hazikupika.

Jumamosi gari likafika, jeupe, kubwa. Wakashuka Sahla, Mahir na Eugene. Wakapigiwa vigelegele. Wakaketishwa kwenye viti, jamvi limetandikwa mbele yao, na sufuria ya nyama ikafunuliwa, harufu ya tui na bizari ikatawala ua.

"Karibuni mnawe," Hannah akasema, ameshika birika na beseni, amepiga goti moja, lile zima.

Eugene akainua mkono. "Asante mama, lakini hatuwezi kula. Kanuni ya kazi. Ukila kwa mtu unayempima, utampendelea."

Birika likabaki hewani. Hannah hakuwa amewahi kukataliwa maji ya kunawa na mgeni. Alimtazama mumewe, mumewe akatazama chini.

"Hata kidogo, Bi Sahla?" Mangi akasihi. "Nyama imechinjwa na Mwislamu, tumemleta sisi wenyewe, huyu hapa ameketi."

"Mungu awabariki," Sahla akasema. "Wacha tufanye kazi kwanza."

Mahir alichungulia sufuria, akapiga mluzi. "Mzee Sanga! Kumbe kwenu mwala kutushinda sisi! Na kila siku waja kazini na muhogo kwenye mfuko wa karatasi. Waigiza, wewe!"

Wageni wenzake wakacheka. Na Sanga naye akacheka, kwa kuwa mwenyeji hamwachi mgeni acheke peke yake.

Eugene akaanza kuzunguka na kompyuta yake bapa. Viti, akagusa kioo. Vikombe, akagusa. Mifugo, akaiona ngozi ya beberu imeanikwa, akagusa. Kisha akafika kwenye mapipa. Akafunua sinia la kwanza, la pili, la tatu. Yamejaa, meupe, mbingu inaonekana ndani yake. Akapiga picha.

"Hii maji ni ya nani?"

"Ni yenu, mwanangu," Hannah akasema, na uso wake ukang'aa kwa mara ya kwanza tangu birika likataliwe. "Yote ni yenu."

Eugene akagusa.

Sanga akamsogelea. "Bwana Eugene, maji haya yametekwa jana kwa ajili..."

"Mzee, ngoja. Swali la umbali linakuja. Na lazima lijibiwe na mwanamke wa nyumba, si wewe." Akamgeukia Hannah, akamsomea kama anavyosoma mtu tangazo. "Mama, habari ya maji hapa?"

Sasa, msomaji wa pwani ajua. Mtu akikuuliza habari, hujibu njema. Hata uwe umefiwa, husema njema kwanza, halafu ndipo "ila." Na ile "ila" huja baadaye, mgeni ameshakula, ameshapumua, ameuliza tena mara ya pili na ya tatu. Kumtupia mgeni matatizo na chakula hajaonja ni utovu wa adabu, ni kama kumdai.

"Njema tu," Hannah akasema.

Eugene akagusa. "Na kuteka, ni mbali?"

Hannah akatabasamu. "Si mbali sana, mwanangu. Tumezoea."

Akagusa tena. Hakuuliza mara ya pili. Phoebe, aliyekuwa nyuma akipepea moto, alipiga ukelele, "Mama Hannah! Mwambie!" Lakini mama mmoja alimziba mdomo kwa kiganja, na Eugene akawa ameshageuza ukurasa.

Walikaa dakika arobaini. Walipoondoka Sahla alimshika Sanga mkono kwa mikono yake miwili, akasema alikuwa hajui kwao ni pazuri hivi. Nyama wakala wenyeji, kimyakimya.

Wiki mbili baadaye, pale barazani, Sahla alimwita Sanga ampe majibu mwenyewe. Alisema ni heshima, asisikie kwa wengine. Kijiji cha Kwa Mangi kilikuwa kimepata alama kumi na tisa katika mia. Kijiji cha ng'ambo ya korongo kilipata themanini na nane. Huko wageni hawakupewa hata kiti. Mwanamke mmoja aliwafukuza, akawaambia hana nguvu ya kusimama.

"Bi Sahla," Sanga akasema, "yale mapipa tuliyajaza kwa ajili yenu. Mke wangu alikwenda bwawani mara mbili siku moja. Mguu wake hadi leo..."

"Mbona hakusema? Aliulizwa."

"Aliulizwa habari, Bi."

"Basi." Sahla akavua miwani. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomkata Sanga maini zaidi. "Baba aliandika wenye haja kuliko wote. Hakuandika wenye haja tunaowajua. Wataka nimsaliti baba kaburini mwake, Mzee Sanga? Wewe, uliyekula naye sahani moja?"

 Sanga alirudi kwenye asmini zake.

Kijijini alikuta jina jipya: walimwita Bwana Harusi. Watoto walikuwa wakimwimbia njiani, na wazazi wao hawakuwakataza. Mangi aliacha kumwitikia salamu kwa siku mbili, ya tatu akamjia mlangoni.

"Kumi na tisa," akasema. "Beberu wangu alikuwa na thamani ya alama ngapi?"

"Mangi, ndugu yangu, tuliamua sote."

"Mimi nilikuuliza. Wewe ulisema tuwapokee kama watu. Haya, sisi ni watu. Sasa tunywe huo utu."

Phoebe hakumcheka. Alimtazama tu, akatikisa kichwa, na ingekuwa afadhali angemcheka. Hannah naye hakumlaumu hata siku moja. Aliendelea kwenda bwawani. Alikata fimbo ya mkongojo, akawa anaondoka jogoo la kwanza badala ya la pili, maana sasa alitembea polepole.

Kisima cha ng'ambo ya korongo kikachimbwa. Mtambo ulikuja, ukachimba siku nne, maji yakatoka, yana chumvi kidogo lakini yanyweka. Likajengwa tangi, na bomba lenye mifereji minne ya kutekea, na ukuta mweupe wenye jina la Mzee Awadh. Siku ya ufunguzi ilipokaribia, Sahla aliona pahali pale ni pakavu mno kwa picha. Akamwita Sanga.

"Uchukue miche ya bogainvilia na ile asmini ya kusini. Tupandie mbele ya ukuta. Hakuna mwenye mkono kama wako."

Akaenda. Angekataaje? Alipanda kutwa. Kesho yake, siku ya sherehe, alipewa mpira mrefu wa maji uliounganishwa na bomba, ainyweshe miche mpaka wageni wafike, isije ikanyauka. Hivi ndivyo ilivyokuwa: maji ya kwanza kabisa ya kisima kile yalinywewa na maua, na mikono iliyoyanywesha ilikuwa ya Sanga Thoya.

Mwenyekiti wa kijiji kile, mtu mnene mcheshi aitwaye Simeon, alikuja kusimama karibu naye.

"Pole, mzee mwenzangu. Nimesikia. Nyinyi wa Kwa Mangi mna moyo mzuri sana, lakini hamjatembelewa vya kutosha. Sisi hapa, hawa ni wafadhili wa tano kutujia. Mbuzi tuliwapeleka msituni tangu Ijumaa. Yule mama aliyewafukuza ni shangazi yangu, ana nguvu za punda! Mgeni wa kamera hapikiwi, bwana." Akampiga Sanga bega, akaenda zake akicheka.

Saa nne hivi, hotuba zikiwa zinaendelea, Sanga aliinua macho akamwona Hannah. Alikuwa anakuja kwenye njia ya korongo, na fimbo yake, na mtungi mtupu mgongoni. Kutoka kwao hadi hapo ni saa moja unusu kwa mtu mwenye miguu mizima. Kwa Hannah, Mungu ajua. Alisikia maji yako karibu, akaona bora aje hapa kuliko bwawani. Alisimama kwenye foleni nyuma ya wanawake wengine. Foleni ikasogea. Zamu yake ikafika.

"Kadi," kijana wa bomba akasema.

Hannah hakuwa na kadi. Katika mpango wa Eugene nyumba mia na arobaini zilipewa kadi, wala si moja zaidi, ili hesabu ya wanaofaidika iwe safi. Eugene mwenyewe akaja, akamweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. Hakumkumbuka.

Sanga alikuwa hatua kumi kutoka hapo, mpira mkononi, maji yanatiririka kwenye mizizi ya bogainvilia. Hakufikiri. Aliuvuta mpira, akavuka, akaingiza ncha yake katika mtungi wa mkewe. Maji yakaanza kulia ndani ya mtungi.

"Mzee Sanga!" Ilikuwa sauti ya Sahla, kutoka chini ya hema. Watu wakageuka, na kamera nazo. Sahla akaja haraka, akaushika mpira, akaukunja maji yakakatika. Aliongea kwa sauti ya chini ili wageni wasisikie. "Si hapa, tafadhali. Nikimfungulia mmoja, kesho watakuja mia. Hayo ni ya maua."

"Ni mke wangu, Bi."

"Najua ni mkeo. Ndiyo maana haifai."

Mahir akatoa pochi. "Basi mpe nauli mama arudi, jamani, tumalize." Akamnyooshea noti. Hannah hakuipokea. Maji machache yaliyokwisha kuingia, labda lita mbili, aliyamimina taratibu kwenye mzizi wa asmini, hadi tone la mwisho, asionekane ameondoka na kisicho chake. Akafunga kizibo. Akajitwika mtungi mtupu, akashika fimbo, akaelekea upande wa bwawa.

Sanga akavua kofia, kama alivyoivua siku ile kwenye ngazi. Aliwauliza swali moja. Hakupaza sauti, lakini wote watatu walikuwa karibu, walimsikia vizuri. Mahir akaangalia simu yake. Eugene akaangalia kompyuta. Sahla akatazama miche, akasema inahitaji maji. Huko Muyeye na huko Ganze swali hilo hilo ameshawauliza wengi tangu siku ile, mashehe na mapadri na wazee wa mila wa kaya, na hakuna aliyemjibu.

"Mngekuja kwetu," aliwauliza, "mkatukuta hatuna hata maji ya kuwanawisha mikono, mngerudi mjini mkasema sisi ni watu gani?"